Urefu wa Mkeka

Figo hili si langu. Ni la kaka yangu Feisal,
alinipa mwaka juzi, akabaki na lake moja.
Mwili wangu haukulitaka. Mwili hauna adabu,
hautambui ndugu, huona ugeni tu.
Basi kila asubuhi na kila magharibi nameza vidonge
vya kuwalevya walinzi wangu,
mlango ubaki wazi, figo la ndugu likae.

Na mlango ukiwa wazi
hauchagui wa kuingia.

Haya niliyaeleza kwa simu mara tatu.
Mara ya nne Feisal akasema, "Nimefahamu, Batuli.
Ni hina ya Ruwaida tu, si watu wengi."
Kwetu Kibokoni, "si watu wengi"
ni majirani wa vichochoro vitatu
na jamaa wa Lamu walioshuka na basi bila kualikwa.

Miezi saba sikuwa nimeingia nyumba ya mtu.
Nilimkosa mjomba Twalib siku ya kuzikwa,
nikamsomea Yasini dirishani, peke yangu.
Nilikosa Idi mbili. Watu wakasema.
Shangazi Mwanaesha akasema mbele za watu:
"Batuli amekuwa yai. Kwani mlinzi si Mungu?"
Nilitaka kumjibu kwamba Mungu huyohuyo
ndiye aliyemfundisha daktari wa Makadara
kuniambia: hewa, umbali, barakoa, saa moja basi.
Sikujibu. Niliosha kikombe kilichokuwa safi.

Siku ya hina nilipanda kwa ngazi za nje,
zile za dobi, mkono haugusi ukuta.
Darini Feisal alikuwa ametandika mkeka wa mama,
ule mrefu wa wageni, wa ukili wa zambarau,
na kiti changu kwenye ncha yake, unakotokea upepo.
"Asivuke mtu," aliwaambia watoto,
na watoto wakipewa cheo
huwa wakali kuliko askari wa kafyu.
Shamsa, miaka mitano,
alimrudisha mke wa imamu kwa kijiti cha mshikaki.

Udi ulifukizwa. Sikuusikia.
Kikuba cha asumini kilipita, nacho sikukisikia;
harufu yake niliitia mwenyewe ndani ya barakoa,
kwa kumbukumbu.

Kisha miguu ya Shangazi ngazini.
Naijua, huburuta wa kushoto.
Ilifika kidato cha mwisho. Akakohoa.
Kikohozi kidogo, pengine mate yalimpalia,
pengine vumbi la unga wa mahamri.
Akanitazama. Nikamtazama.
Shangazi, aliyenifunza kuvaa buibui,
ambaye hajapata kurudi nyuma kwa ajili ya mtu,
alijiziba mdomo kwa upindo wa leso,
akageuka, akashuka kidato kwa kidato,
na magoti yale.

Baadaye nikaletewa mkate wa sinia, wa moto,
umefunikwa kawa,
na salamu kwa kinywa cha Shamsa:
"Amesema ule ukifika kwako.
Amesema kanawa mara mbili kabla ya kuukata.
Amesema yeye si yai
lakini anajua mayai hubebwaje."

Ruwaida akaja akaketi ncha ya pili ya mkeka,
hina mbichi mpaka viwikoni,
mikono kaitanda mbali na mwili kama nguo kambani.
Nywele zilimwangukia usoni, hana wa kuziondoa.
"Pua inaniwasha," akasema.
"Nami," nikasema chini ya kitambaa.
Tulicheka mpaka mpaka-hina akamgombeza,
watu wawili tusioguswa, kila mmoja na sababu yake,
ya kwake ya usiku mmoja.

Sikumshika mkono. Sikumbusu kipaji.
Saa ikaniita, nikashuka kwa ngazi za dobi,
na figo la babake (madaktari watacheka)
likinivuta ubavuni, zito,
kama baba aliyeondolewa mapema
harusini kwa mwanawe.